Mbwa Aliyerudi na Kamba

Kila wingu lilipoanza kujikusanya juu ya Uluguru, Mtasema aliinuka kutoka kibarazani, akajikokota hadi langoni, akaketi akiipa nyumba mgongo. Hakubweka. Hakujali waliopita njia. Alisimamisha sikio moja, akausikiliza mlima. Mvua ingeshuka kutoka kwenye misitu ya juu, ivuke mashamba ya migomba, ifike Bigwa na kumlowesha mpaka manyoya yagandame kwenye mbavu. Naye angebaki palepale. Winfrida alikwisha kuacha kumwita. Alichofanya ni kuchukua kamera, kusimama mlangoni na kumpiga picha: mgongo, lango, na mbele yao mlima uliokuwa ukifutika kidogo kidogo, kama maandishi ya chaki ubaoni.

Picha za namna hiyo alikuwa nazo zaidi ya mia nne.

Winfrida alikuwa mkutubi wa chuo kimoja mjini Morogoro, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, asiye na mume wala mtoto, mwenye sauti ya chini kwa mazoea ya kazi. Kamera aliinunua ikiwa imetumika, kwa Mansuri, mwenye duka la picha za pasipoti mjini. Mansuri ndiye aliyemfundisha kuusubiri mwanga, kushusha pumzi kabla ya kubonyeza, kuacha nafasi upande ule mtu anaoutazama. Na kila Jumamosi ndiye aliyemsafishia picha zake, akizipanga mezani moja moja kama mtu anayecheza karata peke yake.

"Dada Winfrida, samahani nikuulize," alimwambia Jumamosi moja. "Huyu mbwa ana macho?"

"Swali gani hilo, Mansuri?"

"Miaka yote hii nimekusafishia mgongo, masikio, mkia. Nimeona hata nyayo zake kwenye tope. Uso wake mimi siujui. Ningekutana naye barabarani nisingemsalimia."

Winfrida alicheka, akalipa, akatoka. Lakini njia nzima maneno yale yalimchoma kama mwiba uliovunjikia ndani. Kwa maana yeye alijua sababu, hata kama hakuwahi kuitamka. Macho yale yalikuwa yameona jambo. Katika dunia nzima ni macho yale tu yaliyoliona, na kwa miaka tisa alikuwa ameishi nayo nyumba moja, akiyapikia, akiyaogesha, akiyakwepa.

Mtasema alikuwa mbwa wa Stefano, mdogo wake. Stefano alifanya biashara ya matunda na viungo. Kila wiki alikwenda Kinole kwa pikipiki, mbwa ameketi mbele yake juu ya tangi, akarudi na nanasi, mdalasini na pilipili manga. Majirani hawakukosa la kusema: hajaoa, ana ahadi nyingi kuliko siku za mwezi, anapakia mbwa kama anavyopakiwa mtoto. Ndipo akampa mbwa jina hilo, akawa analiita kwa sauti kuu mtaani kila asubuhi, "Mtasema! Mtasema!" na wenye masikio wakasikia.

Kisha ikaja masika ile. Mama yao alikuwa kitandani, ini limemchosha, na neno lililobaki kinywani mwake lilikuwa jina la mwanawe wa kiume. Stefano alikuwa Kinole. Jumatatu aliahidi kurudi, Jumanne akaahidi, Jumatano akasema njia zimejaa maji. Alhamisi saa nne asubuhi, baada ya kumgeuza mama kwa mara ya tano tangu alfajiri, Winfrida alitoka uani, akapiga simu. Nyuma ya sauti ya mdogo wake alisikia mbwa akibweka kwa nguvu, na kitu kingine kama ngurumo isiyokatika.

"Usipofika leo, Stefano, usije tena," alisema. "Usije hata kwenye mazishi."

Mbwa akabweka.

"Nakuja, dada," Stefano akasema.

Pikipiki ilikutwa siku mbili baadaye imebanwa kati ya mawe, mbali chini ya kivuko cha mto kwenye njia ya Kinole, usukani umepinda. Mwili haukuonekana. Wanaume wa ukoo walitafuta juma zima, wakauliza nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyekuwa amemwona. Siku ya tatu, wakati watu wamejaa uani, mbwa aliingia peke yake, amekonda, ana matope mpaka kwenye kope, sikio moja limechanika. Shingoni alikuwa na kipande cha kamba ya katani, urefu wa mkono, ncha yake imetafunwa.

Stefano hakuwahi kumfunga mbwa wake kamba. Hata siku moja.

Kuna waliosema mwizi alitaka kumchukua. Kuna waliosema mengine, ya kunong'onwa. Baba mdogo alishauri wazike mgomba mahali pa mwili, kama wanavyofanya watu wengine. Mama aliinua kichwa kitandani, akasema, "Mimi sikuzaa mgomba," na baada ya majuma matatu akamfuata mwanawe bila kuambiwa alipo. Kwa waombolezaji wote Winfrida alisimulia simu ile, akaisimulia vizuri, ila aliikata mwanzo. "Nilimpigia," alisema, "akaniambia, nakuja, dada." Watu walilia. Watu wakamshika mkono. Naye akajifunza kwamba uongo si lazima uwe neno. Waweza kuwa mahali pa kuanzia hadithi.

Hivyo ndivyo walivyozeeka pamoja, yeye na shahidi wake. Asubuhi alimpa uji wa dona na utumbo uliochemshwa. Jioni walitembea hadi kwenye kijito na kurudi, kamera kifuani, mbwa hatua tatu mbele. Wakati mwingine, mvua ikinyesha mlimani na huku chini jua likiwaka, Winfrida alisikia pikipiki ikipunguza mwendo nje ya lango. Aliweka chini alichoshika. Mtasema naye alikuwa amekwisha kuinua sikio. Walisikiliza wote wawili. Hakuna aliyeingia.

Mwaka huu macho ya mbwa yaliingia mtoto wa jicho, kwanza kama ukungu wa asubuhi, kisha kama maziwa. Siku moja alijigonga kwenye nguzo ya kibaraza, akasimama akitetemeka, amegeuza uso upande alikohisi yupo Winfrida. Winfrida alichukua kamera. Alipiga magoti, akasogeza lenzi, akaupiga ule uso kwa mara ya kwanza: paji lenye mvi, pua iliyokauka, na yale macho meupe ambayo hayakumwona tena. Alipotazama picha kwenye kioo kidogo cha kamera aliona aibu iliyomfanya akae chini sakafuni. Alikuwa amesubiri mpaka shahidi apofuke ndipo amtazame.

Daktari wa mifugo, binti mpole aliyeitwa Judith, alimpima, akavua glavu polepole.

"Figo zimechoka, mama. Ipo sindano, akalala tu, hasikii maumivu. Ukisema leo, tunaweza leo."

"Nipe siku kumi."

"Kuna mtu unamsubiri aje kumuaga?"

Winfrida alimpangusa mbwa mate kwa upindo wa kanga. "Kuna mahali nataka kumpeleka," alisema, na aliposikia maneno yake mwenyewe akajua ni kweli, na kwamba amechelewa miaka tisa.

Jirani yao Yusuph alikuwa na kirikuu, kigari kidogo cha kubebea ndizi kutoka Kinole. Aliposikia abiria ni nani alikuna ndevu.

"Mbwa akae nyuma, dada. Mimi nina udhu."

"Nitakaa naye nyuma."

"Huko juu kuna vumbi na baridi."

"Nitakaa naye, Yusuph."

Walipita Kiroka, wakaiacha barabara ya Mkuyuni, wakaanza kupanda. Winfrida aliketi juu ya magunia matupu, amempakata mbwa, amemfunika kwa kitenge. Hakuwa amepita njia hii tangu siku ile. Alitarajia iwe na uso wa muuaji. Kumbe ilikuwa njia nzuri tu, yenye michungwa pande zote mbili, watoto wakipunga mikono, wanawake wakishuka na nanasi kichwani. Uzuri ule ulimwudhi. Alipiga picha mbili, akaifunika lenzi.

Karibu na kivuko Mtasema aliinua kichwa. Pua ilianza kucheza. Kisha mbwa yule, ambaye kwa majuma mawili alikuwa akibebwa hata kwenda haja, alianza kufurukuta ili ashuke. Winfrida aligonga paa la gari. Yusuph akasimama.

"Ni hapa?"

"Sijui. Yeye ndiye anayejua."

Alimweka chini. Mbwa alisimama kwanza, miguu imetanuka, kama anayekumbuka namna ya kusimama. Halafu akaanza kutembea. Hakuelekea mtoni. Aliuacha mto chini kulia, akafuata kijia kati ya migomba, akianguka na kuinuka, akigonga mashina, akinusa, mpaka kilipoishia kwenye uwanja uliofagiliwa mbele ya nyumba ya matofali ya udongo. Pembeni mwa uwanja ulisimama mfenesi mkubwa, mipilipili manga imeukumbatia mpaka juu. Mtasema alifika kwenye shina, akalizunguka mara moja, akajilaza.

Mzee mmoja alikuwa ameketi mlangoni akichambua karafuu kwenye ungo. Alimtazama mbwa. Ungo ulimtoka mapajani, karafuu zikatawanyika mavumbini, na hakuinama kuziokota.

"Shikamoo, mzee," Winfrida alisema.

"Marahaba." Alikuwa bado anamtazama mbwa. "Sikio. Lile sikio alilichania hapa, kwenye msumari wa mlango wangu." Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, "Wewe ni nani wake?"

"Dada yake Stefano. Naitwa Winfrida."

Mzee alijivuta pembeni, akampisha kwenye mkeka. Jina lake lilikuwa Mikaeli. Mkewe alikuwa ameteremka mtoni kufua. Walikuwa wao wawili tu, na mbwa. 

"Ndugu zako walifika hapa," mzee akasema. "Watu wanne. Waliniuliza kama nimemwona kijana mwenye pikipiki na mbwa. Niliwaambia sikumwona."

"Lakini ulimwona."

"Aliketi hapo ulipoketi. Alikunywa chai ya mdalasini. Maji yalikuwa yamejaa, nikamwambia subiri, mto huu una hasira fupi, ukipanda haraka unashuka haraka. Akasubiri. Alikuwa mcheshi. Alinichekesha mpaka chai ikanipalia." Mzee alipitisha kiganja usoni. "Halafu simu ikalia. Alisogea pale kwenye mgomba kuzungumza. Aliporudi hakuwa mtu yule. Akasema, mzee, lazima nivuke. Mbwa akazidisha kelele. Alimng'ata suruali, akamvuta nyuma, anamvuta hivi, huku analia. Kijana akaniomba kamba. Akasema, nifungie huyu, ataniangusha mtoni, kesho nitamfuata. Kamba nilimpa mimi. Kufunga tulifunga wote wawili, pale kwenye mfenesi, maana mbwa alikuwa na nguvu ya kichaa."

Chini ya mfenesi Mtasema alihema, akatulia.

"Akawasha pikipiki. Akaniuliza, mzee, maji yamepungua? Mimi nilikuwa nimeshika sikio la huyu mbwa, damu yake inanichuruzika kidoleni. Kutoka hapa kwenda pale kwenye ukingo ni hatua ishirini. Ukisimama pale unauona mto wote." Alinyoosha mkono, na mkono ule ukabaki hewani. "Sikwenda. Niliusikia tu, nikadhani mlio umeshuka. Nikasema, yamepungua. Nilijibu bila kutazama, mwanangu. Akaniamini, akashuka."

Upepo ulipita kwenye majani ya migomba, ukaacha mlio kama wa nguo inayopasuliwa.

"Mbwa alibweka mchana wote. Jioni nilipokwenda kutazama maji, nilijua. Usiku wa pili akaikata kamba. Niliogopa. Niliogopa polisi, niliogopa ndugu, nikasema moyoni, amekwisha kwenda, maneno yangu yatamrudisha? Hata mke wangu hajui. Alikuwa Mkuyuni kwa binti yetu aliyejifungua. Miaka tisa nakula naye sahani moja. Mimi ndiye niliyemuua kaka yako."

Winfrida hakusahihisha neno kaka. Alikuwa akisikia jambo la ajabu likitokea kifuani mwake: nafasi. Kama chumba kilichojaa vitu vya marehemu ambacho mtu amekuja kukihamisha chote kwa safari moja. Mzee huyu alikuwa ameinama mbele yake, mabega yako tayari, anaomba atwikwe. Alichotakiwa kufanya ni kuinuka, kusema Mungu akusamehe, na kushuka mlimani akiwa mwepesi. Hakuna ambaye angejua. Aliyejua alikuwa amelala chini ya mfenesi, kipofu, na siku kumi zake zilikuwa zinahesabika.

"Jambo moja tu sijalielewa mpaka leo," mzee aliendelea. "Angesubiri saa moja. Saa moja tu! Maji yangekuwa magotini. Nani alimpigia simu ile? Kulikuwa na nini huko?"

Winfrida alitazama viganja vyake. Alitazama karafuu mavumbini, kila moja na kichwa chake kidogo. Alifungua kinywa, na kilichotoka mwanzo ni sauti ya maktaba, ya chini mno, ikabidi mzee ainame ili asikie.

"Ilikuwa simu yangu."

"Yako?"

"Mama alikuwa anakufa. Nilimwambia asipofika siku ile asije tena. Nilimwambia asije hata kwenye mazishi. Sijawahi kumwambia mtu, mzee. Hata padri. Huwa nasema alisema nakuja. Sisemi mimi nilisema nini."

Alingoja. Hakujua anangoja nini. Labda mzee aruke, amnyooshee kidole, atue mzigo wake kwa kishindo na kuukanyaga. Mikaeli alibaki ameinama vilevile. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini hakuwa analia.

"Alisema anakuja?"

"Ndiyo."

"Basi alikuwa anakuja," mzee akasema. Kisha akaongeza, "Na mimi aliniambia kesho atamfuata mbwa. Alikuwa mtu wa ahadi."

"Nyingi kuliko siku za mwezi," Winfrida alisema, na kitu kilichokuwa karibu na kicheko kikageuka, kikawa kilio ambacho hakukitoa siku ile uani mbele ya watu wote wale. Alilia kwa sauti, bila kufunika uso. Mzee hakumgusa wala hakumbembeleza. Aliinuka, akaanza kuokota karafuu, moja moja, akazirudisha kwenye ungo.

Kilio kilipopungua, alimwonyesha ukingo. Hatua zilikuwa kumi na nane. Mto ulionekana wote, kama alivyosema, mwembamba kwa kiangazi, maji yameshuka mpaka mawe yameota migongo. Winfrida aliutazama kwa muda mrefu. Hakukuwa na cha kuona. Huko chini Yusuph alikuwa akipakia mikungu ya ndizi. Waliweza kumsikia akibishana na mtu juu ya ukubwa wa mkungu.

Waliporudi, Mtasema alikuwa hajasogea. Winfrida alichuchumaa, akaweka kiganja ubavuni mwake. Pumzi ilikuwepo, ndogo, inakuja na kuchelewa, inakuja na kuchelewa.

"Mwache alale," mzee alisema. "Hakuna aliyemfunga safari hii."

Sauti ya mwanamke akiimba wimbo wa kanisani ilisikika ikipanda kutoka bondeni, ikikatika kila kijia kilipokuwa kikali, ikiendelea kilipolegea. Kisha akatokeza kati ya migomba, mama mnene mwenye uso wa furaha, beseni la nguo zilizofuliwa kichwani, maji yakimdondokea mabegani.

"Hee! Leo tuna mgeni," alisema. "Na mbwa! Karibu, dada, karibu sana. Mzee, umempa mgeni hata maji ya kunywa, au umemwachia azihesabu karafuu?"

"Shikamoo, mama," Winfrida alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umelia? Mbona macho yako hivyo?" Alimgeukia mumewe. "Mzee, huyu dada ni nani?"

Winfrida alimtazama Mikaeli. Hakumsaidia, na hakumzuia. Mzee alivuta kigoda kilichokuwa karibu na mlango, akakipangusa kwa kiganja, mara mbili, ingawa kilikuwa safi, akakiweka mbele ya mkewe.

"Kaa, Mama Yeremia," alisema. "Kaa kwanza."

Mama yule alimtazama mumewe usoni, kwa namna ambayo huenda hakuwa amemtazama kwa miaka mingi. Tabasamu lilikuwa bado halijamtoka. Akaketi polepole, beseni likiwa bado kichwani.